Tumbo Langu na Barua Niliyoipeleka Susuni

Ukiingia kanisani na macho yako yakatafuta mlango wa kutokea kabla hayajatafuta pa kukaa, haya nakuandikia wewe. Ukialikwa harusini ukakataa chakula tangu asubuhi ili tumbo lisipate la kusema mbele za watu, wewe pia. Mimi si mganga, na elimu yangu ni ya kisomo cha watu wazima tu, lakini ugonjwa huu nimekaa nao sana, na kipindi chake kibaya kimeshapita. Sitakueleza utumbo unafanya kazi namna gani. Nitakueleza ulinifanya nini, na nilipoteza nini kwa kuuficha, ili wewe usifiche.

Naitwa Robi. Nilizaliwa Susuni, Tarime, nikaolewa upande wa Serengeti, karibu na Mbalibali, kwa Marwa mwana wa mzee Mwita. Kutoka kwetu hadi kwa mume wangu ilikuwa safari ya lori na pantoni, siku mbili ukiwa na bahati. Mama yangu mzazi hakuwahi kunitembelea. Nilizaa watoto watatu, na kila nilipojifungua nilimtazamia yeye, akaja Wankuru, mke wa kaka yangu, na unga wa ulezi na salamu kwamba mama anakupenda ila miguu inamsumbua. Kwa mtoto wa kwanza niliziamini salamu hizo. Kwa mtoto wa tatu nilikuwa nimeshanuna.

Ugonjwa ulianza mwaka tuliohamishiwa kijijini. Kabla ya hapo boma la mzee Mwita lilikuwa peke yake mteremkoni, na kila mtu alikuwa na upande wake wa kichaka. Wanaume walikwenda huku, wanawake kule, na baba mkwe hakuweza kukutana na mke wa mwanawe katika shughuli hiyo hata kwa bahati mbaya. Kisha tukaambiwa sote tusogee pamoja, nyumba zikapangwa mistari, vichaka vikafyekwa, na kila kaya ikaamriwa kuchimba choo. Marwa na mdogo wake walichimba chetu kwa siku nne. Kilikuwa choo kizuri, kirefu kwenda chini, kuta zake za mabua ya mtama. Mzee Mwita ndiye aliyekifungua, kama ilivyokuwa haki yake.

Hapo ndipo mimi nilipokosa choo. Kwetu Wakurya wa wakati ule, mke wa mtoto haingii palipoingia baba mkwe kujisaidia. Hakuna aliyeniita kunikanya, maana si jambo la kukanyana. Ukimwona baba mkwe njiani unampisha, mkono humpi, kigoda chake hukikalii. Choo ndio usiseme. Bwana afya alipita na daftari, akachungulia, akaandika kwamba kaya hii ina choo, akaenda nyumba ya pili. Alikuwa mtu wa kutoka mbali na hakuuliza nani anaingia na nani haingii. Sisi nasi hatukumwambia, kwani nani angesimama mbele ya mgeni wa serikali aanze kueleza habari za mkwe wake na haja kubwa.

Basi kijiji kikajaa vyoo, na wake za watu tukawa hatuna pa kwenda. Tuliamka kabla ya jua, tukaenda korongoni mbali, kisha tukabana hadi jioni. Wenzangu waliweza. Mimi niliweza mwezi wa kwanza, wa pili, na wa tatu tumbo likagoma. Siku tano mfululizo lilifunga, nikawa mzito na mchungu kwa kila aliyenisemesha. Siku ya sita likafunguka kwa fujo, nikakimbia mara saba kabla ya adhuhuri, huku utumbo unanisokota hadi nashika ukuta. Kisha likafunga tena. Lilivimba mpaka jirani akaniuliza mimba ina miezi mingapi. Asubuhi fundo la kanga nililikaza vizuri, ikifika jioni nimelifungua na kanga naishika kwa mkono.

Kubana kulikuwa kosa langu la kwanza, na la pili lilikuwa njaa. Niliona nisipokula halitakuwa na cha kutoa, nikawa nashinda kwenye shamba la kijiji bila kitu mdomoni. Shamba lenyewe lilikuwa la pamba, jeupe, tambarare, mtu akiinama unamwona kutoka upande wa pili. Kila nilipolitupa jembe na kwenda korongoni, katibu wa kijiji aliandika kwamba sipo. Wanawake wenzangu walinipa jina, Mkaguzi wa Mabonde. Nikiondoka walisema mkaguzi ameitwa kazini, nikirudi waliniuliza mabonde hayajambo. Nilicheka nao, nikawajibu kwamba mabonde yanawasalimu. Nilipofika nyumbani nililia jikoni kwa moshi wa kuni, maana moshi haukuulizi unalilia nini.

Marwa hakuwa mume mbaya, nisije nikamsingizia. Lakini mwanamume akisikia kila siku kwamba mke wake ameonekana akielekea korongoni peke yake, moyo wake una mambo yake. Jioni moja aliweka sahani chini.

"Mama Ghati, nieleze. Kule korongoni kuna nani?"

"Kuna tumbo langu," nikamjibu.

Hakuniamini. Alihamia chumba cha nje kulala na mdogo wake, akidai mimi nageukageuka sana kitandani. Nilikuwa nageuka kweli. Nikiwa naye nilibana hata upepo, na ukibana upepo tumbo linakufokea usiku kucha.

Mama mkwe, Bhoke, alitafuta dawa kwa jinsi alivyojua. Alinipa kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo wa mbuzi ambao kwetu ni tiba ya matumbo yote. Kilinikimbiza siku mbili. Alinipeleka kwa mama mmoja wa mitishamba, akanichanja chale tatu chini ya kitovu, na alama zake ninazo hadi leo. Hakuna kilichosaidia, isipokuwa kitu kimoja ambacho yeye hakukihesabu kuwa dawa. Tumbo likinisokota alinilaza kwenye ngozi, akapasha samli viganjani, akanikanda taratibu huku akisengenya majirani. Nimekaa katika hospitali nzuri baada ya hapo, lakini sijapata mikono kama ile.

Zahanatini benchi lilikuwa moja na wagonjwa thelathini. Ukifika mapema unapata ncha ya benchi, ukichelewa unakaa chini. Mimi nilichagua chini hata nilipofika mapema, karibu na njia ya nje. Msimu wa kupanda mtama walinipa dawa ya minyoo. Msimu wa palizi walinipa vidonge vya amiba vilivyoniachia ladha ya chuma mdomoni wiki nzima. Pamba ilipoanza kupasuka wakanipa tena vya minyoo, kwa sababu vya amiba vilikuwa vimekwisha. Kisha nikaambiwa nilete choo kipimwe. Nilikileta kwenye kibiriti kama wote tulivyofanya, nimekifunga kwa jani la mgomba, nikakishika mkononi. Mzee mmoja aliyeketi karibu yangu alitoa sigara yake na kuniomba moto. Nilimwambia njiti zimekwisha, na tangu hapo kila nikikumbuka nacheka peke yangu, ingawa siku ile sikucheka. Siku ile niliambiwa kwamba hakuna kitu, choo changu ni safi. Watu hushukuru wakiambiwa hawana ugonjwa. Mimi nilitoka nikakaa nyuma ya jengo nikalia, kwa sababu kama hakuna kitu basi kitu chenyewe ni mimi.

Ndipo ikaja barua ya kaka yangu Chacha kutoka Susuni. Mama ni mgonjwa, ameanza kupungua, anataka kukuona.

Nilikuwa nimekasirika na mama miaka yote ile, lakini barua ile ilinimaliza. Mwenyekiti wa kijiji alinipa ruhusa ya maandishi, mama mkwe akawachukua watoto, na mimi nikaanza kufunga. Siku mbili sikutia kitu tumboni ila maji. Nilipanda lori la pamba hadi njia kuu, na lile lori nililiweza, kwa sababu lilikuwa bovu na lilisimama kila mara lenyewe bila kuombwa na mtu. Kesho yake nikafika Kirumi kwenye pantoni ya Mto Mara.

Pantoni ilikuwa ng'ambo ya pili. Magari yamepanga foleni, watu wamejaa ukingoni na kuku na magunia. Nilitazama ule mto nikafikiria jambo moja tu, kwamba katikati ya maji hakuna korongo. Kufikiria hivyo kulitosha. Tumbo ambalo halikuwa na kitu kwa siku mbili lilijikunja nikainama hadi chini. Nilikimbilia kwenye matete. Niliporudi pantoni ilikuwa inapakia, nikashindwa kupanda. Nikasubiri ya pili, nikashindwa. Ya tatu ilipokuja niliweka mguu kwenye lile bati, nikahisi linatetemeka, nikauondoa. Mlango ulipofungwa, mama mmoja aliyekuwa ndani aliniangalia kama anayeuliza kwa nini. Nilipanda gari lililokuwa linarudi nilikotoka.

Marwa alinikuta uani nikiwa bado na mzigo kichwani.

"Mama yako anakufa, nawe unarudi kwa sababu ya choo?"

Aliyasema kwa sauti ya chini, na laiti angenipiga ningekuwa na la kumjibu.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kisomo. Tulisoma mchana, baada ya shamba, katika ofisi ya chama, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioelewa haraka. Nikachukua karatasi kwenye daftari la Ghati, binti yangu mkubwa, nikaandika. Mama mpenzi, nakusalimu sana. Kwa sasa siwezi kuja kwani kazi za kijiji zimenibana. Nitakuja baada ya mavuno. Ni mimi mwanao Robi.

Barua ya kwanza niliyoiandika kwa mkono wangu maishani ilikuwa ya uongo. Niliona aibu kumwandikia mama kwamba nimeogopa kuvuka mto kwa sababu ya kuhara, tena barua yenyewe ingesomwa na kaka yangu kwa sauti. Na nitasema na hili, kwa sababu nimeahidi kutoficha. Kulikuwa na sehemu yangu iliyofurahi kidogo. Yeye alinipa miguu miaka yote, na mimi nikampa kazi za kijiji.

Baada ya hapo mambo mawili yalinitokea, na bila hayo nisingekuwa hapa.

La kwanza lilikuwa la mzee Mwita. Asubuhi moja nilisikia jembe nyuma ya jiko. Nikachungulia, nikamwona baba mkwe, mtu mzima mwenye wajukuu kumi na zaidi, ameingia kwenye shimo hadi magotini anachimba. Wanawe walipokuja kumpokea aliwafukuza. Alichimba siku tisa, kidogo kidogo, akapanga magogo mwenyewe, akasimamisha kuta za matete mazito ambayo hayapitishi jicho. Mzee mzima kuchimbia choo mke wa mtoto, kijiji kilipata cha kusema. Balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza kwa nini kaya moja ina vyoo viwili wakati wengine cha kwanza hakijaezekwa. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia.

"Mura," mzee alimwambia, kama tunavyomwita kijana kwetu, "yule bwana afya alihesabu vyoo. Hakuhesabu watu wa kuviingia."

Balozi aliaga akaenda zake. Alikuwa na mke wa mtoto naye.

Kilipokamilika, mzee alimwambia mama mkwe, na mama mkwe akaniambia mimi, kwamba kile ni cha wanawake na kwamba yeye njia yake haijui. Hakuwahi kuipita hata kwa kukosea. Sikuweza kumshukuru, kwani ningeanzaje. Nilichoweza ni kumpisha njiani kama siku zote, nikakawia kidogo kuinuka. Alikufa mwaka jana. Hatukuwahi kulizungumza, na inaniuma.

La pili lilikuwa hospitali ya misheni. Marwa ndiye aliyenipeleka, kwa baiskeli, mvua za vuli zilipoanza, na mpaka leo sijui ni nini kilimgeuza, choo cha baba yake au mifupa ya mgongo wangu iliyoanza kutokeza. Tulisubiri siku mbili barazani. Kulikuwa na mama mwenye mtoto wa kifafa, na kijana aliyevunjika mguu aliyetuimbia nyimbo za kwaya. Nilichunguliwa, nikapimwa damu, nikanyweshwa dawa nyeupe nzito kama uji ili nipigwe picha ya tumbo. Kisha muuguzi mmoja mtu mzima akanikalisha, na aliyoniambia yote nayakumbuka.

"Binti yangu, utumbo wako hauna kidonda wala mdudu. Ni mwepesi wa kushtuka. Hautakuua, na sisi hatuna dawa ya kuuondoa. Utajifunza kuishi nao."

Niliuliza kama maana yake ni mawazo yangu tu. Alisema hapana, maumivu ni ya kweli kabisa, ila utumbo unasikia hofu kuliko unavyosikia chakula. Kisha akaniuliza nakula nini, nakwenda lini, nabana kwa muda gani, na ni nini kinachonitisha. Miaka yote ya benchi hakuna aliyeniuliza ninachokiogopa. Nilimwambia habari ya baba mkwe na choo, na wala hakucheka. Alikuwa Mkurya.

Aliyonifundisha ni madogo na nakupa kama nilivyoyapata. Kuamka na kunywa uji wa moto, kisha kwenda chooni saa ile ile kila siku, kuwe na kitu kusiwe na kitu, bila haraka. Kutobana. Kutofunga. Kula kidogo mara nyingi. Kujichunguza mwenyewe, kwani kinachonichafua mimi huenda kwako ni kitulizo. Nilichukua kamba ya katani, nikapiga fundo kila siku mbaya, nikakumbuka nilikula nini. Kwa mafundo yale nikajua kwamba maziwa mabichi ni adui yangu na mgando hauna neno, kwamba maharage nile vijiko vitatu nisizidishe, kwamba ugali wa muhogo unanipenda, na kwamba kugombana kunanikimbiza kuliko kichuri. Ukiona damu, au ukikonda bila sababu, usifuate kamba yangu, nenda hospitali. Kufikia masika mafundo yalikuwa yamepungua nusu. Marwa alikuwa akiichukua ile kamba jioni na kuihesabu kwa vidole, na mwezi ule akarudi kulala chumbani.

Muuguzi alikuwa ameongeza jambo moja mlangoni, kwamba niwaambie watu wangu. Aibu ndiyo inayolisha ugonjwa huu, alisema. Nilimwambia Marwa, nikamwambia mama mkwe. Susuni sikuandika. Nilijiambia nitakwenda mwenyewe, nimweleze mama kwa mdomo, tucheke. Mavuno yalikuwa yamekaribia.

Safari ya pili sikufunga. Nilikula uji, nikaenda chooni kwa saa yangu, nikapanda lori, na kabla sijakaa nikamwambia dereva kwamba nina ugonjwa wa tumbo, nikisema simama asimame. Akasema hakuna taabu mama, mimi mwenyewe nina kisukari, tutasimama sana tu. Miaka ile yote niliyoteseka, na jibu lilikuwa hilo. Alisimama mara mbili.

Pantoni ilinishtua tena. Tumbo lilianza kunguruma tukiwa bado ukingoni. Kulikuwa na mwanamke wa Kijaluo na mtungi wake wa samaki, nikamwambia hali yangu, hatujuani hata majina. Alinipeleka kwenye matete, akafungua kanga yake akaitanda, akasimama ananipa mgongo hadi nikamaliza. Tukapanda pamoja. Katikati ya mto aliniuliza naendaje, nikamwambia sina neno, na ilikuwa kweli. Nilitazama maji nikaona nimeshinda. Nilikuwa na furaha siku ile, na hiyo furaha ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Nilifika Susuni jua likiwa bado juu. Chacha alikuwa amekaa nje ya nyumba ya mama, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Watoto wake walikuwa wamenyolewa. Wankuru alitoka, naye amenyolewa, akasimama na mikono kifuani. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Mama alikuwa amezikwa siku nane nyuma. Barua ya msiba ilikuwa imeshatumwa, tulipishana njiani.

Sitaandika nilivyolia. Uliyefiwa na mama unajua, na ambaye hujafiwa, nenda kamwone kabla hujamaliza kusoma.

Tumbo halina adabu ya msiba. Baada ya kilio likanivuruga, nikamwomba Wankuru anionyeshe choo. Hakunipeleka kwenye kile cha kaya kilichokuwa karibu na zizi. Alinipeleka nyuma kabisa ya nyumba ya mama, hatua kama ishirini kutoka mlangoni mwake, kwenye choo kidogo chenye njia iliyokanyagwa hadi ikawa mfereji.

"Hiki ni cha mama," alisema. "Alikuwa hawezi kwenda mbali nacho."

Nikadhani anazungumzia ugonjwa wa mwisho. Nikauliza kama ni miguu.

"Miguu yake ilikuwa mizima, Robi. Amelima mpaka mwaka juzi. Ni tumbo. Tangu ujana wake, likifunga linafunga, likifunguka hamna wa kulizuia. Kila ulipojifungua alifunga mzigo wake akakaa nao hapo mlangoni. Halafu anasema, nikifika kwa mkwe nitaingia wapi. Naingiaje palipoingia mwanamume aliyemwoa mwanangu. Anafungua mzigo, ananituma mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema utamdharau."

Nilikaa chini pale pale njiani. Mwanamke huyu aliyenizaa, tumbo lake na langu lilikuwa moja, hofu yake na yangu ilikuwa moja, mila iliyotufungia njia ilikuwa moja, na kila mmoja wetu alimdanganya mwenzake kwa barua na salamu ili asidharauliwe. Ni yeye peke yake duniani ambaye asingehitaji kuelezwa. Nikamuuliza Wankuru kuhusu barua yangu, ile ya kazi za kijiji.

"Chacha alimsomea. Akauliza kama umeandika wewe. Chacha akamwambia ndiyo, ni mkono wake, ameweka na jina. Alifurahi sana. Akaishika ile karatasi, akasema, sawa, kazi ni kazi, atakuja akimaliza. Alikuwa anamwonyesha kila aliyekuja kumwona, kwamba mwanangu ameandika mwenyewe."

Nimeugua siku nyingi mbaya. Nimesokotwa hadi nikaomba nife. Hakuna iliyonifikia pale yaliponifikia maneno yale. Alijivunia uongo wangu, akaenda nao.

Ni miaka minne sasa. Tumbo langu limetulia, kwa maana kwamba tunajuana. Siku mbaya ninazo bado, nne au tano kwa mwezi, nyingi wakati wa kiangazi maji yakiwa machache. Nakula harusini. Kanisani nakaa popote. Wake za watu wengi pale kijijini sasa wana choo chao, na waliokuwa wakiniita Mkaguzi wamenituma mara kadhaa niwaombee kwa waume zao wachimbe cha pili.

Mwezi uliopita kwaya ya shule ilialikwa Mugumu, na Ghati, ambaye yuko darasa la sita, alikuwa aende na wenzake kwa lori. Asubuhi hiyo alikataa uji. Alisema hana njaa. Nikamtazama. Alikuwa amesimama amejishika chini ya kitovu, kanga ameilegeza, na macho yake yanakwenda nje kwenye njia ya choo na kurudi.

Nilimketisha nikamwambia kila kitu, hata yale ambayo kwetu mama hamwambii binti. Nikamwambia anywe uji. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kwa mwalimu na kwa dereva kuwaeleza, na kwamba lori likisimama kwa ajili yake hakuna mtu atakayekufa. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Aibu ilipompungua akaanza kuuliza.

"Wewe pia, mama?"

"Mimi pia."

"Na bibi wa Susuni?"

"Na bibi."

Akafikiri, akachota uji kijiko kimoja, akaumeza.

"Bibi yeye nani alimwambia?"

"Hakuna," nikasema. "Hakuna aliyemwambia."

Nilimlilia mama yangu mbele ya mtoto, mchana, bila moshi, na Ghati akaendelea kunywa uji wake polepole hadi bakuli likaisha, kwa sababu nilikuwa nimemwambia anywe.